Jaketi la Pikipiki la Mvua na Jua: Maji Yazuiwe Wapi?

Karibu kila jaketi la pikipiki siku hizi limeandikwa kwamba halipitishi maji, na mengi kati ya hayo yanasema kweli. Lichukue jipya, ulivae, umwagiwe maji ya bomba kwa dakika kumi, utatoka mkavu. Tofauti hujitokeza saa ya tatu ya mvua, au kesho yake unapolivaa tena likiwa bado bichi, au mchana jua likirudi na wewe umo ndani unatiririka jasho. Kwa hiyo maneno ya kwenye lebo hayamsaidii mtu kuchagua. Swali linalosaidia ni hili: katika jaketi hili, maji yanasimamishwa kwenye tabaka lipi? Kuna majibu manne. Yanasimama kwenye kitambaa cha nje kabisa, au katikati, au ndani karibu na shati, au kwenye koti jingine unalolivaa juu. Kila jibu lina tabia zake barabarani, na hakuna jina la kampuni litakalozibadilisha.

Kwanza, utando

Kitambaa kigumu cha nje, kile cha nailoni au poliesta unachokishika dukani, kazi yake kubwa ni kustahimili msuguano wa lami ukianguka. Kinachozuia maji ni utando mwembamba uliofichwa nyuma yake. Unaojulikana zaidi ni Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969: aliivuta kwa nguvu plastiki ya PTFE, jamii ileile ya Teflon, ikafunguka na kuwa na vitundu vidogo mno. Watengenezaji wanasema kitundu kimoja ni kidogo mara 20,000 kuliko tone la maji, na bado ni kikubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke. Mvua inakwama nje, mvuke wa jasho unapita. Tando nyingine, kama Sympatex na nyingi za poliyurethani, hazina vitundu kabisa. Mvuke hufyonzwa na utando wenyewe na kutokea upande wa pili.

Za aina zote mbili zinategemea jambo ambalo matangazo hulipitia haraka: mvuke hutoka tu pale ambapo ndani kuna mwingi kuliko nje. Kwenye baridi, hewa ya nje huwa na mvuke kidogo, kwa hiyo utando unapumua vizuri. Kwenye mvua ya joto, hewa imeshiba unyevu na jasho halina pa kwenda. Mtu anafika, anavua jaketi, anakuta fulana imelowa mgongoni, anasema limevuja. Mara nyingi halijapitisha hata tone. Hayo ni maji yake mwenyewe.

Lebo ikitoa namba za milimita, kama 10,000 au 20,000, huo ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kiliibeba kwenye kipimo kabla ya kupenyeza. Milimita 10,000 ni safu ya mita 10. Kwa maoni yangu, ukishafika hapo acha kuhangaika na namba hiyo, maana maji mengi yanayomfikia mwendesha pikipiki huingilia kwenye zipu, shingoni na mikononi, si katikati ya kitambaa. Kipimo cha kupumua kinachoeleweka ni RET, yaani ukinzani wa kitambaa kwa mvuke unaotaka kutoka, na hapo namba ndogo ndiyo bora: chini ya 6 ni nzuri sana, juu ya 20 utaona cha mtema kuni. Zile namba za gramu za mvuke unaopita kwa mita ya mraba kwa saa 24 usizilinganishe kati ya kampuni na kampuni. Zipo njia kadhaa za kupima, na kitambaa kilekile hutoa majibu tofauti kulingana na njia iliyotumika.

Maji yakizuiwa nje: lamineti

Hapa utando umegandishwa moja kwa moja nyuma ya kitambaa cha nje, vikawa kitu kimoja. Maji hayana pa kuingia, kwa hiyo jaketi haliyanywi. Mvua ikikatika unalikung'uta, unatembea kidogo, limekauka. Uzito wake baada ya saa tano za mvua haupishani sana na uzito wake lilipotoka kabatini.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana. Kwa kuwa utando uko nje kabisa, zipu za matundu ya hewa zikifunguliwa upepo unafika kwenye shati lako bila kizuizi. Jaketi la lamineti lililobuniwa vizuri linaweza kuvaliwa kwenye joto la wastani, mradi unatembea. Ukisimama kwenye foleni ya magari, hilo halikusaidii.

Upande wa pili wa shilingi ni bei, ambayo kwa kawaida ni ya kuruka. Halafu ni gumu. Hukakamaa kwenye viwiko, na linapata mikunjo inayopiga kelele kwenye upepo. Usipofunga zipu moja ya tundu la hewa kabla ya mvua, maji yanaingia hapohapo mpaka kwenye shati, kwa kuwa hakuna tabaka la pili la kukuokoa. Na likichanika kwa nje, utando umechanika nalo.

Maji yakizuiwa katikati: utando unaoning'inia

Hili ndilo utakalolikuta mara nyingi zaidi madukani, na ndilo linalouzwa kwa jina la misimu yote. Utando ni kama mfuko ulioshonwa ndani, umening'inia kati ya kitambaa cha nje na bitana, na hautoki. Ni rahisi kutengeneza, ni laini mwilini, na kwa mvua ya nusu saa halina kasoro. Mtu anayekwenda kazini karibu na kurudi hatagundua tofauti kati yake na lamineti ya bei mara tatu.

Tatizo linaanza mvua ikiendelea. Kitambaa cha nje kimepakwa dawa ya kufukuza maji, ndiyo maana jaketi jipya likinyeshewa matone yanasimama juu kama shanga na kuteleza. Dawa hiyo inachujuka kwa jua, vumbi, mafuta na msuguano. Ikiisha, kitambaa kinakunywa. Wewe bado ni mkavu, kwa sababu utando uko nyuma, lakini sasa umevaa nguo nzito iliyoshiba maji na upepo unaipiga. Kila gramu moja ya maji inayokauka inachukua takriban juli 2,400 za joto. Tuseme jaketi limekunywa nusu lita: kulikausha ni juli milioni 1.2, na sehemu yake inatoka mwilini mwako. Ongeza na upepo wenyewe. Kwenye nyuzijoto 10, ukienda kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 4 hivi. Mtu anatetemeka ndani ya jaketi ambalo, kwa haki, halijavuja.

Kitambaa kikishalowa pia kinazuia mvuke kutoka, kwa hiyo unapata baridi kwa nje na jasho kwa ndani kwa wakati mmoja. Mifuko ya nje iko mbele ya utando, maana yake simu na karatasi zako ziko kwenye mvua labda uwe umeuliza mfuko upi ndio usiopitisha maji. Na usiku ukilitundika, asubuhi bado ni bichi. Siku ya pili ya safari ndiyo inayoumiza.

Kuhusu joto, matundu ya hewa ya jaketi la aina hii mengi ni pambo. Ukifungua zipu ya kifuani unakuta nyuma yake utando umetanda, upepo unagonga hapo na kurudi.

Maji yakizuiwa ndani: bitana ya kutolewa

Utando hapa ni kijaketi chembamba kinachofungwa ndani kwa zipu na vishikizo. Kwenye jua unakitoa, kitambaa cha nje kinabaki na matundu yanayofanya kazi kweli. Kwenye karatasi, ni wazo zuri.

Barabarani lina kero moja ambayo sijaona anayeikwepa. Mvua haitoi taarifa. Ili uvae bitana hiyo inakubidi usimame, uvue jaketi lenye kinga zako (pedi za bega na kiwiko), ubaki na shati mvuani, uunganishe zipu ya kifua, kisha vile vishikizo vya mwisho wa mikono ambavyo vidole vyenye baridi havivipati. Wengi wanaishia kuiacha humohumo mwaka mzima, na hapo jaketi limegeuka kuwa lile la katikati, lenye kasoro zake zote. Baadhi ya watengenezaji wamelitatua kwa kuitengeneza bitana iweze kuvaliwa pia juu ya jaketi. Ukikuta la namna hiyo, lipe alama za ziada. Bitana isiyo na uwezo huo naiweka ya mwisho kwenye orodha yangu, hata ikiwa utando wake ni wa jina kubwa.

Maji yakizuiwa juu: koti la mvua juu ya jaketi

Unavaa jaketi la kawaida lenye kinga, la wavu, la kitambaa au la ngozi, halafu unabeba koti jepesi la plastiki au la nailoni iliyopakwa poliyurethani. Mvua ikija, unasimama, unalivaa juu bila kuvua chochote, unaondoka. Mvua ikikatika unalikunja.

Watu hulidharau kwa sababu halina sura. Lakini tazama: jaketi lililo chini linabaki kavu, mifuko yake yote inabaki mikavu, kinga za bega na kiwiko zinabaki mahali pake, na siku ya jua, likiwa la wavu, umevaa kitu kinachopitisha upepo kuliko lamineti yoyote. Koti lenyewe likichoka, unanunua jingine bila kugusa jaketi. Unaweza kulichukua la rangi ya njano kali au ya chungwa lenye mistari inayoakisi mwanga, na ndani ya mvua, ambapo madereva wa magari wanaona kwa shida, hilo si jambo dogo.

Kasoro zake zipo. La plastiki tupu halipumui hata kidogo. Likiwa pana linapepea na kukuchosha kwenye mwendo mkubwa. Likiwa la kubana haliingii juu ya jaketi lenye kinga, hasa mikono ikiwa imelowa. Ukianguka linachanika mara moja, kwa hiyo usilihesabu kama kinga. Na kama unavaa fulana ya mfuko wa hewa (inayojijaza hewa ukianguka) juu ya jaketi, koti lazima liwe na nafasi ya kutosha mfuko uvimbe bila kukubana kifua. Soma maelekezo ya fulana hiyo kabla.

Ngozi na pamba iliyopakwa nta nazitaja tu. Kampuni ya Uingereza ya Barbour ilishona suti yake ya pikipiki iitwayo International mwaka 1936, na pamba ya nta bado ina wapenzi, lakini inataka kupakwa nta upya kila mara, inachafua kiti, na kwenye mvua ya muda mrefu inashindwa na lamineti yoyote ya leo. Ngozi inastahimili lami kuliko vitambaa vingi, ila ikilowa inakuwa nzito na inakauka polepole. Mwenye nayo abebe koti la juu.

Kinga kwanza

Jaketi linaweza kukulinda na mvua na lisikulinde na barabara. Kiwango cha Ulaya cha EN 17092, cha mwaka 2020, kinagawa nguo za pikipiki katika madaraja AAA, AA, A, B na C. AAA ndilo linalostahimili msuguano zaidi. AA ni la kati, na kwa safari ndefu ndilo ningelitafuta. A ni jepesi. B lina ustahimilivu wa A bila pedi za kupokea mshindo, na C ni la kubeba pedi tu. Kutopitisha maji si sharti la kiwango hicho, kwa hiyo usichukulie kwamba herufi nyingi zina maana ya mvua kidogo.

Angalia pia alama ya CE, ile ya kukidhi kanuni za Ulaya, iko wapi. Wakati mwingine iko kwenye pedi peke yake na jaketi halikupimwa. Pedi za bega na kiwiko hupimwa kwa EN 1621-1: za kiwango cha 1 zinaruhusiwa kupitisha wastani wa nguvu ya kilonyutoni 35, za kiwango cha 2 mwisho 20. Za mgongo, EN 1621-2, ni 18 na 9. Majaketi mengi huuzwa na sponji tupu mgongoni ili mfuko usionekane mtupu. Litoe, litazame, kama halina maandishi ya kiwango chochote, panga kununua pedi halisi na uiingize kwenye hesabu ya bei.

Basi lipi?

Anayeendesha saa nyingi mfululizo, kwenye baridi, mvua isiyoulizwa itaisha lini, na kesho yake anaendelea: lamineti. Hapo pesa ya ziada inaonekana, na kubana matumizi kutamrudia usiku wa kwanza akiwa na jaketi bichi.

Anayeishi kwenye joto, mvua zake zikiwa za kumwaga na kupita: jaketi la wavu au lenye matundu makubwa, daraja la AA akilipata, na koti la mvua chini ya kiti. Jibu hili halimpendezi muuzaji, lakini kwa hali hiyo naliona bora kuliko lamineti, si kwa sababu ya bei tu. Kwenye joto watu huvua jaketi zito, na jaketi lililoachwa nyumbani halilindi kiwiko cha mtu.

Wa safari fupi za kila siku, dakika ishirini hadi arobaini, kwenye hali ya hewa ya wastani: utando wa katikati unamtosha. Atumie tofauti ya bei kununua glovu na suruali, kwa sababu jaketi zuri juu ya suruali ya jinzi humwaga maji yote mapajani.

Anayetaka jaketi moja tu kwa kila kitu, na mfuko wake una mwisho, bado namwelekeza kwenye mchanganyiko wa jaketi na koti.

Dukani, kwa mikono yako

Muuzaji anaweza asijue utando uko wapi. Shika kitambaa cha nje cha mkono wa jaketi, karibu na kiwiko, kwa kidole gumba na cha shahada, ukisugue. Vikiteleza vitu viwili, utando unaning'inia. Kikikakamaa pamoja kama kipande kimoja, ni lamineti. Ukibaki na shaka, fungua zipu ya tundu la hewa la kifuani na uingize kidole. Kikitokea kwenye bitana ya ndani, upepo nao utafika. Kikigonga kitambaa kingine laini kinachoteleza, umeupata utando.

Zipu ya mbele ndiyo lango kuu la maji, kwa kuwa unaielekezea upepo muda wote. Nzuri ina pindo mbili zinazopandana, na ya ndani imekunjwa ikawa kama mfereji, ili maji yaliyopita ya kwanza yateremke hadi chini badala ya kuingia. Pindo moja yenye velkro tu haitoshi kwa mwendo mkubwa. Kola iwe laini na iweze kubana, lakini ugeuze kichwa kulia na kushoto ukiwa na helmeti; ikikugusa kila ukigeuka utaishia kuiacha wazi, na maji yatapitia hapo.

Mwisho wa mikono ni sehemu inayosahaulika zaidi. Glovu ikiwa nje ya mkono wa jaketi, maji yanayoteremka kutoka begani yanajaa ndani ya glovu. Ikiwa ndani, upepo unayasukuma juu mpaka kwenye kiwiko. Baadhi ya majaketi yana mwisho wa mikono wenye matabaka mawili, glovu ikakaa katikati. Ukilipata la namna hiyo umemaliza ugomvi. La sivyo, nenda na glovu zako dukani na uhakikishe kwa njia mojawapo kati ya hizo mbili zinaingia vizuri bila kung'ang'ana.

Jaribu jaketi ukiwa umekaa kama kwenye pikipiki, mikono mbele, sweta ndani. Ukisimama wima kila jaketi linakaa vizuri. Ukinyoosha mikono ndipo mgongo unapopanda na viwiko vinapotoka kwenye pedi zake. Zipu ya kuliunganisha na suruali ni ya lazima kwa wa safari ndefu, ya hiari kwa wengine.

Muda wa kuishi

Kuliosha ni sehemu ya kulifanya lizuie maji. Uchafu na jasho huziba utando na kuua dawa ya nje. Toa pedi, funga zipu zote, tumia sabuni ya maji isiyo kali, suuza mara mbili, na usitie dawa ya kulainisha nguo hata kidogo, kwani inabaki kwenye kitambaa na kuyavuta maji. Kama lebo inaruhusu, joto la chini la mashine ya kukaushia au pasi isiyo moto sana huiamsha dawa ya kufukuza maji. Matone yakiendelea kuzama baada ya hapo, nyunyizia dawa mpya.

Kinachokufa kwanza mara nyingi ni utepe uliozibia mishono ya utando. Hubanduka pembeni, kidogokidogo, kwenye kwapa na shingoni. Kwenye lamineti unaweza kuufikia ukifunua bitana, na fundi mwenye utepe wa kubandika kwa joto anaurudishia. Kwenye utando wa katikati uko kati ya vitambaa viwili vilivyoshonwa. Gharama ya kufumua na kushona upya hukaribia bei ya jaketi. Bitana ya kutolewa unainunua peke yake kama kampuni bado inaiuza, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Koti la juu unalitupa.